Ukurasa wa Jamaa: Rachel, mtoto waliyemwita mchawi

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba ukurasa huu utazungumza juu ya vyoo na maji ya mvua. Vyoo vitangoja kidogo. Kuko jambo limetupata hapa katikati, na tumeona kwamba tusipoliandika sasa tutaliogopa tena.

Ilianza na sinema. Kijana mmoja wa blok yetu alikwenda Kashikishi kuuza muhogo, akarudi na flashi ndani ya mfuko wa shati. Alisema imejaa karate, na kweli karate ilikuwamo. Lakini katikati yake kulikuwa moja inaitwa Rebelle, maana yake mwasi, naye huyo mwasi ni msichana. Jumamosi jioni tukatundika shuka kwenye ukuta wa banda la vijana, tukaunga projekta kwenye betri ya sola, watoto wakakaa mbele kwenye mikeka na sisi wakubwa nyuma. Watu wa filamu ile wanasema Kifaransa na Kilingala. Kwetu sisi wa Pweto, Moba na Mitwaba, Kilingala si lugha ya nyumbani, na wengi tulikisikia kwanza katika kinywa cha askari. Basi mzee mmoja aliyeishi Kinshasa zamani akasimama kando ya shuka kutufasiria. Shida ni kwamba jambo likimgusa alikuwa anasahau kazi yake, anatazama tu, mpaka akina mama wanapiga kelele, "Baba, sema basi, anasema nini?"

Hadithi ni hii. Komona ni msichana wa miaka 12, anakaa kijijini kando ya mto. Waasi wanaingia kwa mitumbwi. Wanampa bunduki na kumwambia awapige risasi baba na mama yake, asipofanya watakatwa kwa panga mbele ya macho yake. Baba mwenyewe ndiye anamwambia afanye. Hapo mzee wetu alinyamaza kabisa na hakuna mtu aliyemwambia aseme. Kuko watu katika banda lile ambao hawakuhitaji kufasiriwa.

Msichana anapelekwa porini. Anakunywa maji ya mti fulani, meupe kama maziwa, na baadaye anaanza kuona wafu: watu waliopakwa weupe mwili mzima wanasimama kati ya miti na kumwonya kwamba askari wa serikali wako karibu. Kwa hiyo mkubwa wa waasi anamfanya mchawi wake wa vita. Anampa bunduki nzuri, wengine wanamwogopa, hapigwi tena kama mwanzo. Lakini rafiki yake, kijana albino wanayemwita Magicien, anamwambia ukweli: wachawi waliomtangulia waliuawa na mkubwa yuleyule siku bahati yao ilipokwisha. Basi wanatoroka wote wawili. Magicien anataka kumwoa, na Komona anamwambia anachokumbuka kwa baba yake, kwamba mwanamume anayemtaka amtafutie kwanza jogoo mweupe. Kijana anazunguka kila mahali akiuliza jogoo mweupe, watu wanamcheka. Na pale kwenye mikeka watoto wetu nao walicheka mpaka wakalala chini. Ni sehemu pekee ya filamu ile yenye raha. Sitini wanajua yanayofuata katika hadithi kama hizi, hatutayaandika yote. Mwisho Komona anajifungua peke yake kando ya mto, anarudi kijijini kuwazika wazazi wake kama inavyofaa, kisha anapanda lori na mtoto mgongoni. Anapokwenda hatuambiwi.

Filamu haitaji nchi. Haikuhitaji.

Tulipomaliza, wengi waliuliza habari ya yule msichana mwenyewe, kama ni mcheza sinema wa Ulaya aliyepakwa vumbi. Hapana. Anaitwa Rachel Mwanza, ni mtoto wa Kongo, na yeye hakusomea kuigiza popote. Kabla ya filamu alikuwa shege, ndivyo Kinshasa wanavyowaita watoto wa barabarani. Na sababu iliyomtoa nyumbani ndiyo iliyotufanya tuache habari za vyoo: jamaa yake mwenyewe walimwita ndoki. Mulozi. Mchawi. Angali mdogo kabisa alilala nje, akaomba, akala alichopata.

Alionekana kwanza katika filamu ya Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg, Kinshasa Kids, iliyotoka mwaka 2012. Ile ni habari ya watoto wa barabarani walioitwa wachawi nyumbani kwao, wakaunda kikundi cha muziki pamoja na mwanamuziki mmoja wa Kinshasa, Bebson. Kisha watu wa Rebelle wakampata. Mwenye filamu hiyo ni Kim Nguyen, aliyezaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1974, baba yake ni wa Vietnam. Jina lake si la kwetu na hadithi yake hakuianzia kwetu. Alisoma habari ya watoto mapacha wa Burma, Johnny na Luther Htoo, waliokuwa viongozi wa kundi la wapiganaji, watu wazima wakiamini kwamba wana nguvu za miujiza. Akakaa na hadithi hiyo karibu miaka kumi, akaja kuifanyia Kinshasa mwaka 2011. Tunaona alifanya vizuri. Mtu wa mbali mara nyingi akija kutupiga picha anatafuta damu tu. Huyu alitafuta na jogoo.

Jinsi alivyofanya kazi na Rachel inafaa kuelezwa, sababu wazazi wengi wanafikiri kuigiza ni kukariri. Kwanza filamu nyingi hupigwa vipandevipande, leo mwisho, kesho mwanzo, kufuatana na mahali na pesa. Yeye aliipiga kwa mfululizo, tangu siku ya kwanza ya hadithi hadi ya mwisho, na hakuwapa waigizaji kitabu chote. Walijua ya leo, ya kesho hawakuyajua. Rachel wakati ule hakuwa amejifunza kusoma, lakini kwa kazi ya namna ile hakukuwa na cha kukariri. Ukimtazama usoni unaona mtu asiyejua kitakachomfikia baada ya kona. Mama mmoja nyuma yetu alisema, "Ule mutoto haigize, anakumbuka." Hatujasikia mchambuzi wa sinema aliyesema zaidi ya hapo.

Februari 2012 filamu ilionyeshwa Berlin, Ujerumani, kwenye moja ya mashindano makubwa kabisa ya sinema duniani, na Rachel akapewa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Alikuwa msichana wa miaka kama 15. Waigizaji waliokwisha kufanya kazi miaka 30 wanakufa bila kumshika dubu huyo. Aprili mwaka uleule akashinda tena huko New York, kwenye mashindano ya Tribeca, na filamu yenyewe ikashinda pamoja naye. Mwaka 2013 Rebelle ikawa kati ya filamu tano za lugha za kigeni zilizoteuliwa kwa Oscar, na Rachel akaketi kule Hollywood amevaa gauni refu kati ya watu ambao nguo zao za jioni moja zingetulisha blok nzima kwa mwaka. Ilishinda Amour ya Austria. Lakini wiki ile iliyofuata, tarehe 3 Machi 2013, tuzo za Kanada ziliwapa Rebelle kumi, na mbili kati yake zilikuwa za Wakongo: Rachel, na Serge Kanyinda aliyecheza Magicien.

Wenye filamu walikuwa wameahidi kumlipia nyumba na masomo mpaka afike miaka 18. Akaingia shule, akajifunza kusoma. Baadaye alihamia Kanada, Montreal, na mwaka 2014 kikatoka kitabu cha maisha yake kwa Kifaransa, Survivre pour voir ce jour, kwa Kiswahili ni kama kusema kuishi ili uione siku hii. Msichana asiyejua kusoma mwaka 2011, mwaka 2014 ana kitabu chenye jina lake. Aliandika pamoja na msaidizi, ndiyo, lakini nani kati yetu anaandika barua ya HCR bila msaidizi?

Kuko wasichana wengine wa damu yetu na ya majirani zetu waliofika huko juu. Lupita Nyong'o wa Kenya alizaliwa Mexico mwaka 1983, wazazi wake wakiwa huko mbali na siasa za nyumbani, akashinda Oscar tarehe 2 Machi 2014. Déborah Lukumuena, aliyezaliwa Ufaransa na wazazi wa Kongo, alishinda tuzo ya César mwaka 2017 kwa filamu Divines. Tunawapenda wote wawili. Lakini hao walikuwa na jamaa nyuma yao, na shule. Rachel hakuwa na mtu. Ndiyo maana tumemshika yeye.

Sasa tufike nyumbani.

Jumatatu baada ya filamu tulikuta karatasi chini ya mlango wa ofisi. Baba mmoja ameandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu: "Filamu yenu inafundisha watu kwamba bulozi hakuna. Mimi nimeona bulozi kwa macho yangu Manono. Watoto pia wanapewa katika chakula. Msiwadanganye watu." Baba, tumekusoma na tunakuheshimu. Hatukusema bulozi hakuna. Sisi wanne tunaoandika ukurasa huu hatukubaliani hata wenyewe juu ya jambo hilo, mmoja wetu ni mwana wa mganga. Tunachokuuliza ni kingine. Mwaka huu umesikia watoto wangapi wamesemwa hapa kambini? Na kati yao ni wangapi wanaokaa na mama na baba waliowazaa?

Sisi tulihesabu tunaowajua. Yatima. Mtoto wa mke wa kwanza. Mtoto aliyeachwa na dada aliyerudi Pweto kutazama shamba na hajarejea. Mwenye kifafa. Anayekojoa kitandani akiwa na miaka tisa. Yule mwenye akili nyingi anayejibu wakubwa. Hatukupata hata mmoja ambaye mama yake mzazi anamfungia mlango. Kama bulozi unachagua, mbona unachagua kila mara sahani ya ziada?

Na mnajua ni miezi gani. Kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ziwani. Chisense inapanda bei, wanaume waliokuwa wanapata kazi ya nyavu Nchelenge na Chiengi wanarudi mikono mitupu, muhogo wa shamba bado, mvua inaleta malaria. Pesa za chakula zimepunguzwa tangu zamani, hilo hatuhitaji kuliandika. Ndiyo miezi ya homa za watoto, na ndiyo miezi ya ndoto. Mtu analala na njaa, anaota mtoto wa dada yake anakula nyama usiku.

Tunawaeleza yaliyotokea blok yetu, bila jina la mtu. Mama mmoja alimzika mtoto mchanga Januari. Homa, siku nne. Nyumbani kwake kulikuwa na msichana wa miaka kumi, mtoto wa dada yake marehemu. Siku chache baada ya matanga maneno yakaanza, nani aliyaanza hatujui, maneno kama hayo hayana baba. Kwamba msichana ndiye aliyembeba mtoto usiku ule. Kwamba alimpa maji. Alimpa maji kweli, alikuwa na homa, wewe ungempa nini? Mama mdogo akampeleka kwenye chumba cha maombi. Siku tatu bila kula ili aungame. Siku ya tatu akaungama, kama mtu yeyote angeungama, akasema ndiyo, nilikula mtoto, na aliyekuwa na njaa ya siku tatu akataja na chumvi.

Na sisi? Tulijua. Hilo ndilo tunalotaka mlisome vizuri, ndugu zetu, kabla hamjatuita walimu. Sisi tunaoandika juu ya malezi kila mwezi tulijua tangu siku ya kwanza, tukasema ni mambo ya jamaa ya watu, mama ana matanga, tumwache. Sufuria iliyopikia chai ya mkesha ule ilikuwa ya mmoja wetu. Alikwenda kuichukua asubuhi, akamwona mtoto amekaa pembeni, akasalimia wakubwa, akachukua sufuria yake, akarudi nyumbani.

Msichana yule alikuja kwenye filamu. Alikaa mbele kabisa, peke yake upande wa kushoto, sababu watoto wengine walikuwa wamekatazwa kumgusa. Wakati wa jogoo mweupe alicheka kama wengine. Na sisi tulikuwa nyuma tunatazama shuka, tunamlilia Rachel wa Kinshasa.

Jumapili tukaenda. Hatukwenda na polisi wala na karatasi, tulikwenda wanne na unga kidogo, tukakaa chini na mama mdogo. Mwanzo hakutaka. Alisema, "Munakuya sasa? Wakati namuzika mutoto wangu mulikuwa wapi?" Tulimjibu kwamba hatukuwapo. Tulikaa mpaka jioni. Hatukumshawishi juu ya bulozi na hatukujaribu sana. Alichokubali ni kwamba amechoka, na kwamba kila akimtazama msichana anamkumbuka mchanga wake. Kwa msaada wa kiongozi wa blok na wa mama anayeshughulikia ulinzi wa watoto hapa kambini, msichana amehamia kwa bibi mmoja wa blok ya pili, mjane, aliyekuwa jirani ya mama yake kule Kongo. Anakula. Amerudi shule. Mama mdogo hatusalimii bado, na chumba cha maombi kimesema mbele za watu kwamba ukurasa huu una roho mbaya. Basi hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.

Baba mwenye karatasi, na wengine wenye mawazo yake, mjue pia sheria inasema nini, maana wengi wanafikiri haya ni mambo ya wazungu wa mashirika. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumwita mtoto mchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa anayefanya hivyo, pamoja na faini. Hapa Zambia sheria ya uchawi iko tangu 1914, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, awe mtoto au mzee. Wazee waliopita kambi za Kala na Mwange miaka ile ya 2000 wanakumbuka kesi za namna hii. Sheria zile za Kongo ziliandikwa na watu wanaojua bulozi kama wewe unavyojua.

Mkisikia mtoto amesemwa, msingoje filamu. Nendeni kwa kiongozi wa blok siku ileile, au kwa watu wa ulinzi wa watoto, au kwa polisi kama anapigwa au ananyimwa chakula. Na kama ni mtoto wako anayekojoa kitandani au anayeanguka kifafa, mpeleke kliniki kwanza. Kifafa kiko na dawa, vidonge vya kila siku, na wengi wanaovimeza hawaanguki tena. Kama mzigo umekuzidi na mtoto wa ndugu, sema umezidiwa. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mtuletee jina lake, tutaliweka hapa. (Tunatania. Lakini kidogo tu.)

Filamu itaonyeshwa tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama sola itakubali. Safari hii wadogo wa chini ya miaka 12 watacheza mpira nje mpaka tufike sehemu ya jogoo, ndipo tutawaita, sababu ule mwanzo si wa watoto, na safari iliyopita tulikosea. Kila mtu aje na mkeka wake. Mzee wa kufasiri amekubali kurudi, ameomba glasi ya maji na kiti. Msichana wetu ametuma mtu kuuliza kama yule jogoo alikuwa wa kweli ama alipakwa rangi. Kwa tuonavyo ni jogoo wa kweli.

Mwezi ujao, vyoo.